Zote zimeandikwa 12V: betri ya gari, ya maji, iliyofungwa au ya lithiamu kwa sola ya nyumbani?

Kwenye duka la vifaa vya sola unaweza kukuta betri nne kwenye rafu moja, zote zimeandikwa 12V 100Ah (volti 12, na ampea-saa 100 za chaji), na bei zimeachana mara tatu au nne. Maandishi hayo hayakudanganyi moja kwa moja, ila hayakuambii unachohitaji kujua. Hakuna hata moja kati ya hizo nne ambayo ikijaa inasoma volti 12 kamili, na "100Ah" ya moja si sawa na "100Ah" ya mwenzake. Ukielewa volti zinatoka wapi ndani ya betri, uchaguzi unakuwa mwepesi, na hata fundi akikuambia "hii ni kali zaidi" utajua la kumuuliza.

Volti zinatoka wapi

Volti 1 ni jouli 1 ya nishati kwa kila kulombi 1 ya chaji inayopita. Betri haitengenezi elektroni. Zimo tayari kwenye waya na kwenye metali, kazi yake ni kuzisukuma. Ndani ya kila seli kuna mabamba ya namna mbili yenye kemikali tofauti: moja hutoa elektroni kwa urahisi, jingine huzipokea kwa urahisi. Tofauti ya nguvu kati ya hayo mawili ndiyo volti.

Kwa hiyo volti za seli huamuliwa na kemikali yake, wala si ukubwa. Seli ya risasi na asidi, iliyomo kwenye betri ya gari, ya maji na iliyofungwa, inatoa kama volti 2.1, iwe ndogo ya pikipiki au kubwa ya kubebwa na watu wawili. Seli ya lithiamu na fosfeti ya chuma inatoa 3.2. Panga sita za risasi mfululizo upate 12.6, panga nne za lithiamu upate 12.8. Ndiyo maana zote mbili zinauzwa kwa jina la "12V". Ukiongeza ukubwa wa mabamba unaongeza ampea-saa na kupunguza ukinzani wa ndani, basi.

Ukinzani huo wa ndani ndio unaowachanganya watu wengi. Betri nane za tochi za volti 1.5 zikiungwa mfululizo zinasoma volti 12, lakini haziwezi kuzungusha starta ya gari, kwa sababu mkondo mkubwa ukitakiwa volti zinaishia humohumo ndani. Betri ya sola iliyozeeka inafanya vivyo hivyo. Tuseme ukinzani wake wa ndani umepanda hadi omu 0.03. Ikiwa imepumzika inasoma 12.6, mita inakuambia mambo safi. Washa inveta inayovuta ampea 40: 40 × 0.03 ni volti 1.2 zinazopotea ndani ya betri, na kwenye vichwa vyake zinabaki 11.4. Toa na kinachopotea kwenye waya, inveta inaanza kulia. Kipimo cha betri isiyofanya kazi yoyote kinaeleza kiasi cha chaji tu, hakielezi afya yake. Dukani omba ipimwe ikiwa na mzigo.

Vigezo vya kulinganishia

Kila betri hapa chini imepimwa kwa mambo matano: volti zake zinakueleza nini, wati-saa (Wh) ngapi unaweza kuzitumia kweli, inataka kuchajiwa vipi, kitu gani huiua, na inamfaa nani.

Nyumba ya mfano ina taa 4 za wati 5 kwa saa 5 (100 Wh), runinga ya wati 30 kwa saa 4 (120 Wh), redio ya wati 5 kwa saa 6 (30 Wh) na simu tatu (kama 45 Wh). Jumla inakaribia 300 Wh kwa siku. Ukitaka kuvuka siku mbili za mawingu mazito unahitaji 600 Wh zinazotumika.

Volti hizi ni za betri iliyopumzika saa kadhaa, bila paneli wala mzigo, kwenye joto la nyuzi 25. Betri ya gari isome kama ya maji.

| Kiasi cha chaji | Ya maji | Iliyofungwa | Lithiamu |
|---|---|---|---|
| Imejaa | 12.7 | 12.8–12.9 | 13.4 |
| Nusu | 12.2 | 12.3 | 13.1–13.2 |
| Asilimia 20 | 11.9 | 12.0 | 12.9–13.0 |

Betri ya gari

*Volti.* Sawa na ya maji ya sola, maana kemikali ni ileile. Unaweza kuisoma kwa mita.

*Wati-saa.* Hapa ndipo inapoanguka. Mabamba yake ni membamba na mengi, yametengenezwa ili yatoe mamia ya ampea kwa sekunde chache, kisha altaneta irudishe kilichotoka. Ili idumu kwenye sola isishushwe zaidi ya asilimia 20 hadi 30. N70, ambayo ni kama Ah 70, inakupa 170 hadi 250 Wh za kutumia. Nyumba yetu ya mfano haivuki hata usiku mmoja kwa raha.

*Kuchaji.* Volti 14.4 hivi, kisha 13.5 hadi 13.8 ikishajaa.

*Kinachoiua.* Kushushwa hadi chini kila usiku. Kemikali iliyo kwenye mabamba membamba hupukutika na kurundikana chini ya boksi, na mwishowe inaunganisha mabamba mawili. Seli moja inakufa. Dalili yake ni rahisi kuitambua: betri iliyochajiwa kutwa nzima inakaa kwenye volti 10.5 hivi, yaani seli tano badala ya sita. Hapo hakuna dawa.

*Inamfaa nani.* Mwenye taa mbili na kuchaji simu, ambaye betri ameipata kwa bei ndogo au anayo tayari. Pia mtu anayejaribu mfumo kabla ya kutia hela nyingi. Nyumba yenye runinga isijengwe juu yake.

Betri ya maji ya sola

*Volti.* Hii ndiyo inayosema ukweli kuliko zote. Inapotoa umeme, bamba hasi la risasi na bamba chanya la oksaidi ya risasi yote mawili yanageuka salfeti ya risasi, na asidi inazidi kuwa maji. Volti zinashuka polepole, na uzito wa asidi unashuka pamoja nazo. Kwa haidromita, ile mrija wa kioo wenye kuelea, seli iliyojaa inasoma 1.265 hadi 1.280, iliyoisha inakaribia 1.120. Pima seli zote sita. Moja ikiachwa nyuma na wenzake kwa zaidi ya 0.030 hata baada ya kuchaji vizuri, umeshajua mgonjwa ni nani. Betri iliyofungwa na ya lithiamu hazikuruhusu kuchungulia hivyo.

*Wati-saa.* Nusu. Ah 100 × volti 12 ni 1,200 Wh kwenye karatasi, tumia 600. Ukishusha nusu tu kila siku, iliyotengenezwa vizuri hufika mizunguko (kushusha na kuchaji tena) 500 hadi 1,000 hivi. Kumbuka pia kwamba ile 100Ah hupimwa kwa saa 20, yaani kuvuta ampea 5 taratibu. Ukivuta ampea 50 kwa mkupuo hupati saa mbili, unaweza kupata kama saa moja.

*Kuchaji.* Volti 14.4 hadi 14.8, mkondo wa ampea 10 hadi 20 kwa betri ya Ah 100. Usumbufu uko kwenye ile asilimia 20 ya mwisho, ambayo inaingia pole pole kwa saa kadhaa, hata paneli iwe kubwa namna gani. Mara moja kwa mwezi au hivyo inafaa kuipandisha hadi volti 15 na ushee kwa saa moja au mbili, ikiwa mtengenezaji ameruhusu, ili asidi ichanganyike na seli zilingane. Wakati huo inachemka na kutoa haidrojeni, gesi inayolipuka ikifika asilimia 4 ya hewa. Isikae chumba cha kulala, wala chini ya jiko.

*Kinachoiua.* Mambo matatu, na karibu yote ni ya mwenye nyumba. La kwanza ni kukaa nusu-chaji wiki baada ya wiki: salfeti laini inageuka fuwele ngumu isiyorudi tena, na Ah 100 inakuwa 60 bila kelele. Mara nyingi sababu ni paneli ndogo. La pili ni maji kupungua hadi mabamba yakaonekana. Ongeza maji ya betri yaliyosafishwa tu, *baada* ya kuchaji, hadi sentimita 1 juu ya mabamba. Ukikuta mabamba yameshaanikwa, yafunike kwanza, chaji, kisha malizia, kwa sababu kimiminika hupanda wakati wa kuchaji. Maji ya bomba na ya kisima yana chumvi na chuma. Na usiongeze asidi: kilichotoka ni maji, asidi yote bado imo ndani. Anayeongeza asidi anaona haidromita imepanda na kudhani betri imepona, kumbe mabamba yanaliwa. La tatu ni joto. Kwa betri za risasi, kila nyuzi 10 juu ya 25 hukata umri karibu nusu. Chumba cha bati Mombasa au Dar es Salaam mchana wa Februari si mahali pake.

*Inamfaa nani.* Mwenye sehemu ya wazi yenye kivuli, aliye tayari kuishughulikia kila mwezi, na mwenye paneli ya kutosha kuijaza kila siku. Kwa Ah 100, paneli ya wati 150 hadi 200 ni kiasi cha heshima.

Betri iliyofungwa

Madukani wanaiita betri kavu au jeli. Kavu si kavu. Asidi imo, ila imefyonzwa na vitambaa vya nyuzi za kioo (AGM) au imegandishwa ikawa jeli. Nyingi zinazoitwa jeli kwa mdomo ni AGM, na tofauti hiyo ina maana wakati wa kuchaji, kwa hiyo soma lebo.

*Volti.* Inasomeka kama ya maji, juu kidogo. Huwezi kuipima kwa haidromita.

*Wati-saa.* Nusu, 600 Wh kwa Ah 100. Mizunguko kama 400 hadi 800 kwa kushusha nusu. AGM ina ukinzani mdogo wa ndani, hivyo inavumilia inveta vizuri zaidi kuliko ya maji.

*Kuchaji.* AGM 14.4 hadi 14.7, jeli halisi 14.1 hadi 14.4 isizidi. Ukiichaji kwa 15, gesi inayozaliwa inazidi ile inayoweza kurudi kuwa maji ndani kwa ndani, kizibo cha usalama kinafunguka, maji yanatoka na hayarudishwi. Kwa joto, kontrola, yaani kifaa kinachosimamia chaji kati ya paneli na betri, inapaswa kushusha kama milivolti 4 kwa seli kwa kila nyuzi: 14.4 ya nyuzi 25 inakuwa kama 14.2 kwa nyuzi 35. Kontrola za bei rahisi hazifanyi hivyo, ishushe mwenyewe.

*Kinachoiua.* Kontrola iliyosetiwa vibaya, na joto. Ikivimba ubavuni, imeshakwenda.

*Inamfaa nani.* Mpangaji wa chumba kimoja, duka, zahanati ndogo. Popote ambapo betri itakaa ndani na watu na hakuna wa kuiongezea maji.

Betri ya lithiamu

Hapa nasema lithiamu na fosfeti ya chuma, LiFePO4. Utafiti wake ulichapishwa mwaka 1997 na timu ya John Goodenough wa Chuo Kikuu cha Texas, ambaye mwaka 2019 alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi ya betri za lithiamu kwa ujumla.

*Volti.* Karibu hazikuelezi chochote. Betri inapotoa umeme, ioni za lithiamu zinatoka kwenye kaboni upande wa hasi, zinavuka elektrolaiti na kujipenyeza kwenye fuwele za fosfeti upande wa chanya, huku elektroni zikizunguka nje kupitia taa yako. Fuwele hizo hubadilika kati ya hali mbili tu, yenye lithiamu na isiyo nayo, na elektrolaiti haidhoofiki kama asidi, kwa hiyo volti zinakaa karibu palepale. Kati ya asilimia 80 na 30 mita inacheza kwenye sehemu ndogo ya volti, na taa inang'aa vilevile mpaka inazimika ghafla. Kwa taa na inveta hiyo ni raha. Kwa mtu aliyezoea kukadiria kwa mita ni mtego: 12.7, ambayo kwa risasi ni "imejaa", kwa lithiamu ni karibu kuisha. Tumia kipimo kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka.

*Wati-saa.* Asilimia 80 bila wasiwasi. Ah 60 × 12.8 × 0.8 ni 614 Wh, yaani betri ya Ah 60 inafanya kazi ya risasi ya Ah 100. Mizunguko 2,000 na kuendelea, nyingine hutajwa hadi 6,000.

*Kuchaji.* 14.2 hadi 14.4 inatosha, kikomo ni 14.6. Inapokea mkondo mkubwa hadi karibu ijae, na haidhuriki ikikaa nusu-chaji. Wenye paneli ndogo au masika marefu wakumbuke hilo, kwa sababu ndilo linaloua risasi. Kwenye kontrola zima kabisa ile kazi ya kupandisha hadi volti 15.

*Kinachoiua.* Mara nyingi seli huwa bado nzima, kinachofeli ni bodi ya ulinzi, BMS. Betri ikishuka sana bodi inakata na mita inasoma 0. Haijafa, inahitaji kontrola au chaja yenye kazi ya kuamsha lithiamu. Friji nayo ikianza huvuta mkondo mara kadhaa ya wa kawaida, na bodi ndogo inakata hapohapo. Angalia ampea za bodi kabla ya Ah. Kuchaji chini ya nyuzi 0 kunaharibu seli. Pwani hilo halikuhusu, ila aliye nyanda za baridi kama Kitulo na betri kibandani usiku wa Juni afikirie.

Onyo moja. Betri za kuungwa kutoka seli za laptopu si LiFePO4. Zile ni 3.6 au 3.7 kwa seli, na tatu zikiwa mfululizo zinajaa kwa 12.6. Ukiweka kontrola kwenye 14.6, kila seli inasukumwa hadi karibu 4.9 wakati mwisho wake ni 4.2. Hivyo ndivyo moto unavyoanza.

*Inamfaa nani.* Anayetumia kila siku, kwa miaka, na ana mahali pa kurudisha bodi ikifeli.

Ukitaka kulinganisha bei, gawa bei kwa wati-saa za maisha yote. Ya maji: 600 Wh × mizunguko 600 ni kWh 360. Lithiamu ya Ah 60: 614 × 3,000 ni kWh 1,842, kama mara tano. Lithiamu ikiuzwa chini ya mara tano ya bei ya ile, kwenye karatasi ni nafuu. Kwenye karatasi, kwa sababu betri ya miaka kumi iliyokufa bodi mwaka wa pili, na muuzaji hapatikani, ndiyo ghali kuliko zote.

Yanayoziharibu zote

Waya. Ampea 10 kwa umbali wa mita 6, kwenda na kurudi mita 12, kwenye shaba ya milimita mraba 2.5, zinapoteza kama volti 0.84. Ukiweka ya milimita mraba 6 zinapotea 0.35 tu. Watu hununua betri mpya kwa tatizo la waya.

Uzito. Risasi ya Ah 100 halisi ina kilo 28 hadi 32. Ikipimwa kilo 18, lebo imepambwa. Lithiamu ya Ah 100 ni kilo 10 hadi 13.

Fyuzi kwenye waya wa chanya, sentimita 30 au pungufu kutoka betri. Unganisha betri kwenye kontrola kwanza, paneli baadaye. Usiunge mpya na kuukuu mfululizo: chakavu itaisha mapema na kusukumwa kinyume na mwenzake. Kwa lithiamu, hakikisha bodi inaruhusu kuungwa mfululizo.

Kwa hali yako

Bajeti ndogo, taa na simu tu: betri ya gari nzima inatosha kwa sasa, mradi kontrola ikate mzigo kwenye volti 12.2 taa zikiwa zimewaka, si 11.

Nyumba ya mfano, paneli ya wati 200, una kibanda chenye hewa na mtu wa kukumbuka maji: ya maji. Hakuna fundi wa Nachingwea wala Busia asiyeijua.

Chumba cha kupanga, watoto ndani, hakuna wa kuihudumia: iliyofungwa, na kontrola isetiwe kwa aina iliyoandikwa kwenye lebo.

Paneli ndogo, mvua ndefu za Bukoba, au kazi ya kila siku kama kinyozi: lithiamu.

Friji: lithiamu yenye bodi kubwa au AGM mbili; fikiria volti 24, maana mkondo unapungua nusu na hasara ya wati kwenye waya uleule inashuka hadi robo.

Nyumba ya kijijini inayofunguliwa sikukuu tu: mizunguko 3,000 huitumii, kwa hiyo hela ya lithiamu haikurudii. Chukua iliyofungwa na uache paneli imeunganishwa ili isikae bila chaji miezi.

Na risasi ikifa, irudishe kwa muuzaji au mnunuzi mwenye kibali, usimwachie mtu aipasue uani. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya kwa sumu ya risasi iliyoingia kwenye udongo na miilini mwao.